Mwenye Kisukari Naye Ana Njaa

Katika miaka yangu ya unesi kwenye wodi ya upasuaji, hakuna swali nililoulizwa na ndugu wa wagonjwa mara nyingi kama hili: “Sista, mnamwekeaje sukari mtu mwenye sukari?” Liliulizwa pembeni ya kitanda, kidole kikielekea chupa iliyoandikwa dekstrozi asilimia 5. Aliyeuliza hakuwa mjinga. Nyumbani soda ilishapigwa marufuku, wali ulipimwa kwa kijiko, na kliniki walimkumbusha kila mara kwamba sukari ndiyo adui. Sasa anaona watu wenye makoti meupe wanamwingiza adui huyohuyo kwenye damu ya baba yake.

Ndugu haohao walikuwa na kauli nyingine. Ukiwaambia mgonjwa hajala kwa siku kadhaa, walijibu kwa utulivu kwamba ametundikiwa dripu, kwa hiyo anakula. Chupa ileile, kwa wakati uleule, ilikuwa sumu na pia ilikuwa mlo. Imani hizo mbili nilizikuta hata kwa baadhi ya wenzangu wenye sare, na nimeona zikishirikiana kumdhoofisha mgonjwa kuliko ugonjwa aliokuja nao.

Tuanze na hesabu, maana haibishaniwi. Lita moja ya dekstrozi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Kila gramu hutoa kilokalori 3.4, kwa hiyo lita nzima ina kilokalori 170. Mtu mzima wa kilo 60 aliyelazwa anahitaji takribani kilokalori 1,500 kwa siku, pamoja na protini gramu 70 hadi 90. Mtundikie lita tatu mfululizo, atapata 510, theluthi moja tu ya anachohitaji, na protini hatapata hata chembe. Baada ya hapo mwili huanza kujila wenyewe. Unachukua misuli ya mapaja, unachukua misuli ya kifua inayomsaidia kukohoa na kutoa makohozi, unachukua hata ile protini ambayo kidonda cha upasuaji kingeitumia kufunga.

Kwa mgonjwa wa kisukari mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu hata hizo gramu 50 huwa anaondolewa. Anatundikiwa maji ya chumvi peke yake. Asubuhi kipimo kinasoma 6, jioni 7, na raundi inapita kwa furaha. Sukari imetulia. Hakuna anayeuliza kwa nini imetulia, na jibu liko wazi: hakuna aliyempa chakula.

Nakumbuka mzee mmoja, fundi cherehani, aliyeletwa wodini kwetu tumbo likiwa limevimba kama ngoma. Utumbo wake mpana ulikuwa umejisokota, jambo ambalo wapasuaji wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri. Kipande kilichokufa kilikatwa, ncha zikaunganishwa. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka mingi, akikituliza kwa vidonge. Siku chache baada ya upasuaji, kiungo kilivuja. Majimaji ya utumbo yakaanza kutokea kwenye kidonda na kuunguza ngozi ya tumbo. Kula kwa mdomo kukazuiwa, na mpira wa puani haukuwa na msaada, kwa kuwa chochote kilichoingia juu kilitokea kidondani.

Tulipokuwa tukimwamkia shikamoo asubuhi, aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayepokea wateja dukani. Sauti ile ikawa inapungua siku hadi siku. Chati yake ya sukari, hata hivyo, ilipendeza: 6, 7, 6. Ukisoma karatasi bila kumtazama mtu, ungedhani ndiye mgonjwa wetu anayeendelea vizuri kuliko wote.

Aliyetuzindua ni mtaalamu wa lishe. Siku hiyo kwenye raundi alifunua shuka, akaushika mkono wa mzee juu ya kiwiko, na vidole vyake vikakutana. “Huyu anakufa njaa na sisi tumesimama hapa,” alisema. Daktari mmoja kijana akapinga kwa adabu: tukimlisha kwa mshipa sukari itapanda hadi 20, kidonda kitaoza, vijidudu vitapata karamu. Daktari bingwa wa upasuaji akawasikiliza wote wawili, kisha akasema kila mmoja yuko sahihi, na kwa sababu hiyo itabidi tufanye kazi mara mbili: tumlishe, na tumlinde na hicho tunachomlisha. Kila nilichojifunza baadaye kuhusu jambo hili kilikuwa ufafanuzi wa sentensi hiyo.

Mfuko wa chakula cha mshipa haukuwepo stoo. Ndugu waliusaka kwenye maduka ya dawa mjini, wakachangishana, wakaurudisha ukiwa umefungwa kwenye boksi kama kitu cha kioo. Ni mfuko wa plastiki wenye vyumba vitatu: kimoja cha sukari iliyokolea, kimoja cha asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini, na kimoja cha mafuta. Unaubonyeza na kuuviringisha mpaka kuta za ndani ziachie, vitu vichanganyike, na mchanganyiko wote uwe mweupe. Binti wa mzee, aliyekuwa akija kila siku na hotpoti ya mtori ingawa alijua itarudi ikiwa imejaa, aliuona akashtuka: “Mnamwekea maziwa kwenye damu?” Nikamweleza kwamba weupe ule ni mafuta ya soya yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno, yakashikiliwa na kiambato kitokacho kwenye kiini cha yai, ndiyo maana tulimuuliza kama baba yake anadhurika na mayai.

Wapo waliohangaika miaka mingi mpaka mfuko ule ukawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Arvid Wretlind wa Sweden alipata namna ya kutengeneza mafuta ambayo damu inaweza kuyapokea bila madhara makubwa. Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, daktari kijana wa upasuaji Stanley Dudrick alikuwa akiumizwa na kuona wagonjwa waliopasuliwa vizuri wakifa kwa kukosa lishe. Yeye na wenzake walilea watoto wa mbwa kwa chakula cha mshipa pekee, nao wakakua. Mwaka 1967 huko Philadelphia wakamlisha kwa njia hiyo mtoto mchanga ambaye karibu utumbo wake wote mwembamba haukuwa umeumbika. Siri mojawapo ilikuwa mahali pa kuingizia: mshipa mkubwa, kama ule ulio chini ya mtulinga, ambamo damu ni nyingi na inakwenda kasi. Sukari iliyokolea ikipitishwa kwenye mshipa mdogo wa mkononi huuchoma na kuuziba.

Lakini njia hiyo inaruka vituo vyote. Chakula cha mdomoni hupita ukaguzi, kama malori ya barabara ya Morogoro yanavyopita mizani: tumbo hukiachia kidogokidogo, utumbo hutoa homoni zinazolitaarifu kongosho litayarishe insulini kabla mzigo haujafika, na ini hupokea sehemu yake kwanza. Ndiyo maana sukari ya kunywa huamsha insulini nyingi kuliko kiasi hichohicho kikiingizwa mshipani. Mfuko wetu haupiti mizani yoyote. Sukari huingia kwenye damu saa 24 bila taarifa. Tena huingia kwenye mwili ulio vitani, ambamo homoni za msukosuko kama adrenalini na kotisoli zinaliamuru ini litoe sukari zaidi na zinaifanya insulini isisikilizwe. Hata mtu asiye na kisukari anaweza kupanda. Mwenye kisukari hupanda haraka.

Kwa hiyo mtu lazima afanye kazi ambayo utumbo na kongosho vimeshindwa kuifanya, na mtu huyo, kwa sehemu kubwa ya siku, ni nesi. Tulianza taratibu: gramu 150 za sukari kwa siku ya kwanza, ingawa mahitaji kamili yalikuwa juu zaidi. Vidonge vyake vya kisukari vilisimamishwa, ikabaki insulini pekee. Kanuni ya kuanzia ilikuwa uniti moja kwa kila gramu 10 za sukari, kisha kipimo ndicho kiamue. Mfamasia alitueleza kwamba wapo wanaoichanganya insulini humohumo mfukoni, na njia hiyo ina uzuri wake: chakula kikisimama, insulini nayo inasimama. Ubaya wake ni kwamba ukishaiweka huwezi kuitoa. Sukari ikishuka sana, mfuko mzima unamwagwa. Mfuko ule ulikuwa mchango wa ukoo. Tukachagua kuiweka insulini kwenye pampu yake, na kupima kila saa hadi hali itulie.

Tulilenga sukari ibaki kati ya milimoli 7.8 na 10 kwa lita. Daktari kijana hakuridhika. Alitaka 5 au 6, kama mtu mwenye afya. Daktari wa usingizi, aliyependa kufundisha usiku wodi ikitulia, alimpa kisa ambacho nami nilikiandika kwenye daftari langu. Mwaka 2001, huko Leuven nchini Ubelgiji, Greet Van den Berghe na wenzake waliwachukua wagonjwa 1,548 wa chumba cha mahututi, wengi wakiwa wametoka kupasuliwa moyo. Waliobanwa sukari hadi kati ya 4.4 na 6.1 walikufa asilimia 4.6, wenzao asilimia 8. Dunia nzima ikakimbilia kubana. Mwaka 2009 ukaja utafiti wa wagonjwa 6,104, ukiongozwa na hospitali za Australia, New Zealand na Kanada. Safari hii waliobanwa ndio waliokufa zaidi: asilimia 27.5 dhidi ya 24.9. Kushuka sukari kwa hatari kuliwapata asilimia 6.8 yao, na kwa wenzao ilikuwa nusu asilimia tu.

“Unaona tofauti?” aliuliza. Kule Leuven wagonjwa walikuwa wakilishwa sukari nyingi kwa mshipa tangu siku za mwanzo, na insulini ilikuwa na kitu cha kushughulikia. Miaka ilipita, na mwaka 2023 timu hiyohiyo ya Leuven ikarudi na wagonjwa 9,230, ambao safari hii hawakulishwa kwa mshipa mapema. Faida ya kubana haikuonekana. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule daktari na daftari langu. Namba ya sukari haina maana peke yake. Inapata maana ukijua mtu amekula nini.

Yapo mengine yaliyotoka Leuven ambayo ni haki kuyataja. Mwaka 2011 walionyesha, kwa wagonjwa 4,640, kwamba kungoja wiki nzima kabla ya kukamilisha lishe kwa mshipa kuliwasaidia wengi wa mahututi kupona haraka kuliko kuwaharakishia. Chakula cha mshipa hakimfai kila aliyelala kitandani. Utumbo ukifanya kazi, utumie, hata kwa vijiko vichache kupitia mpira wa puani. Mzee wetu alistahili mfuko kwa sababu utumbo wake ulikuwa umevunjika, alikuwa amekaa na njaa kwa muda mrefu, na safari yake ilikuwa bado ndefu.

Njaa hiyo ndefu ilikuwa na mtego wake. Mtu aliyekaa bila kula akianza kulishwa ghafla, insulini huisukuma sukari ndani ya seli, nayo hukokota potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Damu hupungukiwa na madini hayo, moyo ukapoteza mwendo. Waliowahudumia mateka waliokombolewa baada ya Vita Kuu ya Pili waliliona hilo: watu waliovumilia njaa kambini wakafa baada ya kupewa chakula. Kwa hiyo kabla ya mfuko kufunguliwa mzee alichomwa vitamini B1, na kila asubuhi damu yake ilikwenda maabara kupimwa potasiamu. Ilipokuwa inashuka tuliongeza madini kwanza, sukari baadaye.

Tulidhani tumeziba kila tundu. Ikafika siku ya kumpeleka kupigwa picha kuangalia kama kiungo kinaendelea kuvuja. Kumsukuma mgonjwa kwenye korido na pampu mbili ni kazi, hivyo mfuko wa chakula ukafungwa ili ubaki wodini, na ile pampu ndogo ya insulini ikaenda naye. Foleni ya picha ikawa ndefu. Aliporudi shati lilikuwa limelowa jasho, naye alikuwa akilipima shuka kwa shubiri, akiturushia maneno ya ukosi na mikono, na kumuuliza mtu asiyekuwepo kama suti ni ya harusi. Kipimo kilisoma 2.4. Tukasimamisha insulini, tukampa dekstrozi iliyokolea, kisha tukatundika ya asilimia 10 hadi mfuko ulipofunguliwa tena. Alipopata fahamu akauliza nani ameharibu shati lake. Sukari ileile iliyoogopwa na wote ndiyo iliyomrudisha.

Lawama zingeweza kugawanywa siku nzima: kwa aliyefunga mfuko, kwa aliyekuwa zamu, kwa foleni. Msimamizi wa wodi alichagua kuandika. Juu ya kila pampu ya insulini kukabandikwa karatasi: chakula kikikatika kwa sababu yoyote, tundika dekstrozi ya asilimia 10 kwa kasi ileile, pima sukari mara moja, mwite daktari. Maneno machache, ya wino mnene, yanayosomeka saa tisa usiku na mtu aliyechoka. Nimehudhuria semina nyingi tangu wakati huo. Sijaona mafunzo yaliyofanya kazi kubwa kwa gharama ndogo kama karatasi ile.

Sheria ya pili ilihusu mrija wa chakula aliowekewa chini ya mtulinga. Chakula cha mshipa ni chakula kizuri hata kwa bakteria na fangasi, na damu yenye sukari juu huwapunguzia nguvu askari wa mwili. Mrija ule ukawa wa chakula peke yake: haupitishi antibiotiki, hautolewi damu ya vipimo, haushikwi kabla ya mikono kuoshwa na kiungio kusuguliwa kwa spiriti. Mfuko hubadilishwa kila baada ya saa 24, hata ukibaki na kiasi ndani. Binti alilalamika kuona salio la pesa zao likimwagwa. Nilimweleza gharama ya kutibu vijidudu vilivyoingia kwenye damu, akaelewa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza madaktari, kwa heshima, kama wameosha mikono.

Kidonda kilianza kukauka. Majimaji yakapungua, yakaisha. Uji mwepesi wa ulezi uliingia kwa vijiko, kisha kwa kikombe, huku mfuko ukipunguzwa kasi. Hapa pia tulikuwa macho, kwa sababu homa ikiisha na utumbo ukianza tena kazi yake, mahitaji ya insulini hushuka, na kiasi kilichokuwa sawa wiki iliyopita kinaweza kumwangusha mtu wiki hii. Alipoweza kula zaidi ya nusu ya mahitaji yake, mfuko ukaondolewa. Sukari yake siku hizo ilisoma 9, mara 8, mara 10. Haikuwa nzuri kama ile chati ya 6 na 7 ya siku zake za njaa, na hakuna aliyeilalamikia. Aliondoka na miguu yake, binti akibeba hotpoti.

Najua si hospitali zote zinazoweza kumpa mgonjwa mfuko wa vyumba vitatu. Kuna mahali stripu za kupimia sukari zenyewe huisha kabla ya mwezi kuisha, na pasipo na kipimo cha usiku, chakula cha mshipa kwa mwenye kisukari ni hatari ambayo sitamshauri mtu aikimbilie. Hata hivyo mafunzo makubwa ya kisa hiki hayahitaji mfuko. Yanafaa kwa mgonjwa wa mpira wa puani, yanafaa kwa bibi anayekula vijiko vitatu vya uji na kuusukuma pembeni.

Ndugu wana nafasi yao, kubwa kuliko wanavyodhani. Waulize mambo matatu, wakimwita sista au daktari kwa adabu kama wanavyojua: mgonjwa wetu amepata chakula kiasi gani leo? Nani atapima sukari usiku? Chakula kikikatika ghafla, insulini aliyokwisha kupewa mtaifanyaje? Kwa uzoefu wangu, nesi mzuri hachukizwi na maswali hayo. Humfanya arudi kwenye faili kuangalia tena.

Kwetu sisi wa kazi, ombi langu ni la karatasi. Fomu nyingi nilizojaza zilikuwa na safu ya sukari, safu ya insulini na safu ya maji yaliyoingia na kutoka. Safu ya chakula haikuwepo, kana kwamba kula ni habari za nyumbani. Iongezwe, kando kabisa ya safu ya sukari, na ijazwe saa ileile na mkono uleule. Hapo mtu atakayeandika 6 atalazimika kuandika pembeni yake kwamba mgonjwa hajala tangu jana, na hataweza tena kupita kitanda hicho akiwa na furaha.